Mama Nukta Akataa Umeme

Wanafunzi wake wa Kiebrania pale chuo kikuu walimwita Mama Nukta, na si kwa mapenzi peke yake. Katika Kiebrania cha maandiko ya Wayahudi, nukta ikihama kutoka bega la kulia la herufi fulani kwenda bega la kushoto, sauti hubadilika na neno huwa jingine kabisa. Ukimpelekea kazi yenye nukta iliyokosea bega, alikurudishia bila hata kufika mstari wa pili. Wapo waliolia. Yeye aliwapa kitambaa cha kufutia machozi, kisha akawapa kalamu.

Kazi yenyewe aliipata kwa hasira. Alipokuwa msichana wa shule, mwalimu wa dini aliwasomea maono ya yule nabii aliyeona wingu kubwa na moto, na katikati ya moto kitu king'aacho. Tafsiri iliyokuwa mikononi mwa mwalimu ilisema kaharabu. Tafsiri ya jirani yake wa dawati ilisema madini. Akanyoosha mkono akauliza ni ipi iliyo sahihi, kwa kuwa kaharabu ni utomvu wa mti uliokauka na madini ni madini, na vitu hivyo viwili hata kipofu anavitofautisha kwa kuvishika tu. Mwalimu akamwambia achague anayoipenda. Darasa zima likacheka. Msichana akaketi, masikio yanamwaka moto, akaapa kwamba atakwenda mwenyewe kusoma lugha ile ajue nabii aliandika nini.

Akaenda. Ilimchukua ujana wake wote, na ndugu hawakuacha kuuliza akishakijua Kiebrania cha kale ataongea na nani. Shangazi yake, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama yule wetu anayesoma kinyumenyume, kwa sababu maandishi yale huanzia kulia. Naye mdogo wake wa kiume alipoingia chuo kilekile kwa upande wa fizikia, akawa anachapa vifaa vya pizoelektriki, vile vitoavyo umeme vikibinywa, shangazi alishika kiuno. Mmoja anasoma kinyumenyume, alisema, mwingine anabinya plastiki kutwa, na wote wawili wanaitwa daktari ilhali kichwa kikimuuma hakuna wa kumtibu.

Kuhusu kubinya, shangazi hakukosea sana. Kule chini ya jengo la chuo, kwenye chumba kisicho na dirisha, mdogo mtu alichanganya wino wenye unga laini kuliko poda, akauchapa tabaka kwa tabaka juu ya karatasi nyembamba ya plastiki, akaukausha, kisha akaupitishia umeme mkali ili chembe zote zielekee upande mmoja. Baada ya hapo, karatasi ile ukiibinya au ukiikunja inatoa umeme wake yenyewe, kidogo sana. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Adui yake alikuwa unyevu. Chumba kilivuja, wino ulivimba, tundu za mashine ziliziba, naye alizizibua kwa sindano huku akiitukana mashine kwa lugha ambayo mama yao hakumfundisha.

Dada ghorofa ya tatu, kaka ghorofa ya chini. Saa ya chai walikutana ngazini na kutaniana. Dada alimwuliza kama leo amebinya vya kutosha, na mdogo mtu akamwuliza kama wafu wameshamjibu. Walikuwa wakipendana, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

Basi siku moja Mkuu wa Kitivo akapanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa unene wake. Alipopata pumzi akasema Kiebrania kina wanafunzi wachache mno, na muhula huu ukiisha somo litafungwa na nafasi ya mwalimu wake itaondolewa. Alisema hivyo kwa upole, kama anayemwonea huruma mtu mwenye ugonjwa wa kurithi. Halafu akatabasamu. Kulikuwa na njia. Wapo wafadhili wanaotafuta mradi unaounganisha maandiko ya kale na sayansi mpya, na yeye Mkuu, bila msaada wa mtu, amekwisha kuugundua.

Alichogundua ni neno. Pale kwenye moto wa nabii, pale palipofasiriwa kaharabu, Kiebrania kinasema hashmal. Na Mkuu alikuwa amefungua kamusi ya Kiebrania cha leo, akakuta hashmal ni umeme. Tena Waarabu nao umeme wanauita jina linalotokana na kaharabu hiyohiyo. Kwa hiyo nabii aliona umeme. Umeme ukitoka katikati ya kitu, kama unavyotoka kwenye karatasi za mdogo wake Mwalimu. Maandiko juu, mashine chini, familia moja, mradi mmoja. Hapo akamvika kilemba cha ukoka mrefu kabisa: kwamba chuo kizima hakuna mwingine mwenye heshima ya kulisema jambo hili likaaminika. Alitakiwa kusema sentensi moja tu mbele ya wafadhili. Bango lilikuwa limeshachapwa.

Mama Nukta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza taratibu. Neno hilo limetokea mara tatu tu katika maandiko yote, na zote ni ndani ya kitabu cha nabii yuleyule. Hakuna pengine pa kulilinganisha. Wafasiri wa kale walikisia, na wa sasa wanakisia. Ni juzijuzi tu, taa za waya zilipokuja, watu walitafuta jina la kitu kipya na kuliazima neno hilo la nabii. Neno ndilo lililoufuata umeme. Umeme haukuwemo ndani yake ukisubiri.

"Sawa," akasema Mkuu. "Lakini Mwalimu, nani atakwenda kuhakiki?"

"Mimi," akasema Mama Nukta.

Mkuu akacheka akidhani ni mzaha, akateremka.

Jumapili mchana ndugu hao wawili walikutana kwa mama yao, kama ilivyokuwa desturi ya familia. Mdogo mtu alikuwa amekwisha kusikia, na alikuja amejiandaa. Alisubiri mama aende kukoroga chungu jikoni, akaanza. Mradi ukipita atapata mashine mpya na chumba kikavu. Mashine aliyonayo haitamaliza mwaka, na ikifa, utafiti wake nao umekufa. Na dada mwenyewe yuko mbioni kumwaga unga. Anakataa kwa faida ya nani?

Dada akamwuliza babu yao aliposema umeme alimaanisha nini. Mdogo mtu akajibu ule wa mawinguni, bila shaka, kwa kuwa waya zilifika babu akiwa mzee. "Basi siku aliposema umeme umepiga mti," dada akasema, "alikuwa analalamikia bili?"

Mama yao alicheka kule jikoni, kumbe alikuwa anasikiliza. Mdogo mtu hakucheka.

"Ni sentensi moja tu, dada. Sentensi moja. Unapigania neno la mtu aliyekufa zamani, na mimi niko hai."

Hilo lilimwingia. Alitazama mikono ya mdogo wake, yenye madoa ya wino yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Alitamani kumpa kila kitu. Kisha akasema, "Ningekuomba ubadilishe namba moja kwenye vipimo vyako ili mimi nibaki kazini, ungebadilisha?"

"Namba ni kitu kingine."

"Kingine kivipi?"

Mdogo mtu aliinuka. Alichukua funguo zake akaondoka, na chakula chake kikabaki mezani kimefunikwa. Mama aliosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida, na Mama Nukta alijua kelele zile zilimlenga yeye. Usingizi wa mchana ulimkataa. Aliogopa, tuseme ukweli. Mwanamke wa umri wake, mwenye ujuzi ambao hakuna ofisi inayoutangazia kazi, angekwenda wapi? Lakini kila alipojaribu kuitamka ile sentensi chumbani peke yake, alimwona yule mwalimu wa dini akimwambia achague anayoipenda.

Siku ya wafadhili ukumbi ulipambwa, viti vikavishwa vitambaa, na bango likatundikwa nyuma ya jukwaa: NABII ALIONA UMEME. Wafadhili walikuwa watu watatu wenye adabu waliokuwa wakiandika kila kinachosemwa. Mkuu alianza yeye, na alipiga chuku bila huruma. Nabii aliuona umeme uwandani, chuo hiki kimeutia kwenye karatasi, na karibuni nyayo za wanafunzi mlangoni pa maktaba zitawasha jengo zima. Kisha akamkaribisha Mwalimu aseme neno lake.

Mama Nukta akapanda jukwaani bila karatasi.

"Nimefanya kazi na neno hili maisha yangu yote," alisema. "Nabii mwenyewe hakusema ameona hashmal. Amesema ameona kitu kilichofanana nayo, na yeye alikuwepo. Hashmal ni nini, hatujui. Bango hilo linajua zaidi ya nabii, na zaidi yangu. Kama mnafungua mradi kwa sababu ya bango, msiufungue. Kama mtataka kujua kwa nini hatujui, nina darasa, milango iko wazi."

Akashuka. Mkuu aliinuka haraka akasema Mwalimu anapenda unyenyekevu, kisha akamwita mdogo mtu kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Mdogo mtu alikuwa ameshika hotuba aliyoandikiwa, yenye nyayo na maktaba ndani yake. Aliisoma kimoyomoyo pale mbele za watu, akamtazama dada yake aliyekuwa anatazama sakafu, akaikunja na kuitia mfukoni. Akatoa karatasi moja ya plastiki iliyounganishwa na taa ndogo, akamwomba mmoja wa wafadhili aibinye kwa kidole gumba. Taa ikapepesa na kuzimika.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Jengo haiwashi. Ukiikalia kutwa bila kujisogeza, haitoi kitu, kwa sababu inatoa umeme pale tu inapobinywa na inapoachiliwa. Lakini ukiibandika kifuani mwa mgonjwa inasikia kila pigo la moyo, hata hafifu. Hilo nimelipima. Mengine yaliyosemwa hapa ni chumvi."

Walirudi nyumbani kwa miguu, pamoja. Walipofika njia panda mdogo mtu alisema kwamba namba na neno pengine ni kitu kimoja, lakini asije akafikiri amemsamehe. Dada akasema hakufikiri.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki chache. Njiani kurudi makwao wafadhili walikuwa wamezungumza juu ya mapigo ya moyo tu. Walitoa mashine kwa mdogo mtu, na chumba kikavu. Kiebrania hawakukitaja. Somo lingefungwa kama ilivyopangwa, na chumba kikavu kuliko vyote katika jengo lile kilikuwa cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha upande wa jua, ubao mpana na meza ndefu. Chumba cha Mama Nukta.

Mdogo mtu alipanda ngazi kumwambia, na alikuwa kama mtu aliyeiba. Alisema ameshaandika barua ya kukataa. Dada akamwita mjinga, na alimaanisha. Mashine ni ya mioyo ya watu, alisema, haikumkosea kitu, aichukue kwa mikono miwili. Halafu alifunga mlango akalia, kwa sauti, bila aibu, mpaka alipochoka. Alipomaliza alinawa uso akasahihisha kazi zilizobaki mezani.

Mashine ilifika muhula ukiwa bado haujaisha, saa ya kipindi. Wabebaji walisimama mlangoni na kreti lao, na nyuma yao mdogo mtu, mafundi wawili na Mkuu akihema. Ndani kulikuwa na wanafunzi wanne na neno moja ubaoni, hashmal, kubwa, lenye nukta zake zote. Mama Nukta aliwaonyesha wabebaji upande wa dirishani bila kuacha kufundisha, nao wakaanza kusukuma. Mkuu akasema hapana, chumba kinatakiwa kitupu, darasa litoke na ubao uteremshwe leo, vumbi la chaki haliruhusiwi. Kwa mashine hiyo, ukweli ni kwamba hata mdogo mtu asingelipenda vumbi hilo. Mama Nukta akajibu kwamba muhula haujaisha na yeye hajamaliza.

"Mwalimu," akasema Mkuu, "ulipewa nafasi ukaitupa. Sasa hata ubao unaugombania?"

"Hata ubao."

Mkuu akawaashiria mafundi waje na bisibisi. Hapo mdogo mtu, aliyekuwa ameinama akifungua kreti lake, akanyooka, akapita katikati ya madawati, akaenda kusimama ameuegemea ubao, mikono kifuani, mgongo wake wote umegandamana na maandishi ya chaki.

"Ubao ukitoka," alisema, "mashine irudi ilikotoka. Muwaambie wafadhili mimi ndiye niliyekataa."

Mafundi walitazamana. Mkuu alimtazama dada, akamtazama mdogo mtu. Mama Nukta alimkaribia mdogo wake akiwa na chaki mkononi, macho yamemjaa maji, akamgusa bega.

"Sogea, mdogo wangu," alisema. "Unafuta neno."