Gogo na Ubeti wa Tatu

“Gogo, mbona wimbo huu ukifika ubeti wa tatu wewe huzima redio?”

Winrose alikuwa darasa la pili alipouliza hivyo, ameketi jikoni kule Keringet akimenya viazi. Nyanya yake, Chepkemboi, alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele ya kanisa zima.

“Menya viazi,” akasema. Redio ikabaki kimya mpaka taarifa ya habari.

Chepkemboi hakuwa mtu wa kuogopa. Alikuwa amelima viazi miaka thelathini, akamzika mume, akasomesha watoto wanne, na madalali wa magunia walimwita Mathe Kisu kwa jinsi alivyowakata maneno. Lakini wimbo ule wa Mzee Kigen ulimshinda. Beti mbili za kwanza aliziimba akitikisa kichwa. Wa tatu ukikaribia, mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe.

Winrose alipofika kidato cha tatu, Mzee Kigen akaja Nakuru. Hakuja kuimba uwanjani. Ilikuwa ukumbi mdogo wa hoteli huko Milimani, viti arobaini, Jumamosi alasiri, yeye na gitaa lake basi. Shangazi Jepkosgei, anayeishi Free Area, ndiye aliyewapeleka.

“Mama, leo hakuna redio ya kuzima,” akamtania.

“Miguu ninayo,” Chepkemboi akajibu. “Na mlango nimeuona.”

Akachagua kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango huo.

Mzee Kigen alikuwa amezeeka kuliko sauti yake. Aliimba ameketi, na kila wimbo ukiisha alipangusa miwani polepole, hakuna aliyemharakisha. Halafu vidole vikaanza ule wimbo. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Chepkemboi akachukua kibeti chake, akainuka. Winrose alitaka kumshika mkono, akaogopa.

“Kiptum wa Keringet,” mzee akaimba, “rafiki yangu wa besi, chamgei?”

Kiptum! Hilo lilikuwa jina la babu, aliyefariki Winrose akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mzee akanyamaza baada ya salamu hiyo, akawa anagusa uzi mmoja tu wa gitaa, kama mtu aliyebisha hodi akangoja. Chepkemboi alikuwa ameshashika kitasa. Hakugeuka. Winrose akaona mabega yake yakipanda, yakishuka.

“Chamgei mising!” akaitikia, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng’ambo ya bonde.

Mzee Kigen akainamisha kichwa juu ya gitaa. Kisha akaumaliza wimbo. Chepkemboi aliusikiliza wote, amesimama palepale.

Walipotoka nje, ni yeye aliyeanza.

“Uliniuliza swali ukimenya viazi.”

“Na wewe ukaniambia nimenye.”

“Babu yako aliacha bendi ili tulime. Rafiki yake akamwekea salamu ndani ya wimbo. Basi kila ukipigwa, mzee wangu anaitikia redio, hata kama mdomo umejaa ugali! Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Akafa, na salamu zikaendelea kuja.” Akafunga kibeti chake. “Sasa niambie, Winrose. Ningeachaje mtu asalimie nyumba yangu, halafu nyumba inyamaze?”