Maneno ya Kitumbo

Gaston alikuwa fundi cherehani pale Doornfontein, Johannesburg, mzaliwa wa Uvira, na Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Uongo wenyewe aliuanza mwaka 2015, mdomo ukimtangulia. Kila Jumamosi mchana Wakongo na Watanzania walikusanyika kwenye ukumbi jirani na karakana yake kutazama filamu za Kihindi. Siku hiyo mtafsiri, yule wa kushika kipaza sauti na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, hakutokea. Gaston akajitolea. Akadai amelelewa dukani kwa Mhindi kule Uvira. Duka hilo aliingia mara mbili tu, kununua chumvi.

Basi akasema, na watu wakavunjika mbavu. Hasa kwa Kitumbo, ndivyo walivyomwita mchekeshaji mmoja mnene asiyekosekana kwenye filamu hizo. Huko kwao alisema nini, Mungu anajua. Ukumbini alilia kwamba kibali chake cha ukimbizi kinakwisha Ijumaa, akambembeleza mlinzi wa mlangoni, akamkimbia mama mkwe aliyetua Johannesburg bila taarifa. Yote hayo Gaston aliyatunga akishona, akayaandika kwenye karatasi za kukatia nguo, akayafuta, akayaandika tena. Miaka mitatu! Na watu wakitoka wanasemaje? Eti Mhindi yule ana akili. Ilimuuma, jamani, ilimuuma mpaka chakula hakipiti.

"Si ulijitakia mwenyewe?" mkewe Léocadie, aliyeijua siri, alimwambia.

Mwaka 2018 akaja Keziah, Mkenya mwenye kikundi cha maigizo Newtown, akitafuta mwandishi wa vichekesho vya Kiswahili. Alicheka hadi akafuta machozi. Filamu ilipokwisha akamfuata Gaston pale mbele.

"Kaka, unatafsiri vizuri sana. Bahati mbaya mimi natafuta mtu wa kutunga."

Hapo sasa. Akinyamaza, kazi ya kutunga inampita, pamoja na sifa aliyoililia miaka yote. Akisema, ukumbi mzima utajua kwamba amewadanganya. Gaston akawasha kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnisamehe. Kihindi sikijui. Maneno yote ya Kitumbo nimetunga mimi."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakipiga viti.

"Papa Gaston, utatuua," mmoja akasema.

"Naapa kwa mama yangu mzazi," akasema Gaston kwa hasira. Wakazidi kucheka, maana ndivyo Kitumbo alivyozoea kuapa kila akidanganya.

Keziah mwenyewe alikuwa ameshika mbavu. Alipotulia, akaomba kasha la filamu, akatoa kalamu, akalinakili jina la yule Mhindi herufi kwa herufi.

"Huyu nitamtafuta," akasema. "Akikubali, kaka, nitakuita uje umtafsirie."