Risasi za Nouf Kwenye Buti la Gari

Harun wa Mumias ni dereva, na mimi Husna, mtu wa Tanga, ni mfanyakazi wa ndani katika nyumba hiyo hiyo, Umm Salal, huku Uarabuni. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijamwona akigusa kitu kisicho chake. Hata tende za kwenye sinia hachukui mpaka aambiwe karibu. Ndiyo maana nikikumbuka alivyoitwa mwongo, damu inanichemka mpaka leo.

Nouf, binti wa matajiri wetu, anajifunza kulenga shabaha. Baba yake alimnunulia bastola ya mtumba, zile za mashindano zinazotumia risasi ndogo, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Mwanzoni ilipiga vizuri. Joto lilipoingia ikaanza kukwama. Nouf anapiga mbili, ya tatu inasimama mlangoni mwa mtutu, imeinua pua, haiingii wala haitoki. Mimi nakaa nyuma na mkoba wake, namsikia akilaani kwa Kiarabu.

Mama Nouf akatoa hukumu sebuleni, mbele ya watoto. "Harun ndiye anayebeba sanduku la bastola. Ameifungua, ameichezea, ameiangusha."

Sanduku lina kufuli, na ufunguo anauvaa Nouf shingoni! Lakini nani alitaka kusikia? Baba Nouf akasema bastola itapelekwa kwa fundi wa klabu, na ikionekana Harun ndiye aliyeiharibu, anakatiwa tiketi ya kurudi Kenya.

Tulikwenda na Baba Nouf, Harun akiendesha, mimi na mkoba kama kawaida. Fundi ni Athanas, Mkenya pia. Aliifungua bastola mezani, akaisafisha, akapitisha kidole kwenye midomo ya magazini, kile kikasha cha risasi, kuona kama imepinda. Haikupinda. Alama ya kuanguka hakuna. Akajaza risasi za Nouf, akaenda kuzipiga, ya tatu ikakwama. Akajaza za klabu, zinazokaa kwenye chumba cha AC, magazini nzima ikaisha bila kusita. Akarudia, vilevile. Ndipo akachukua risasi moja ya Nouf akaisugua kwa kidole gumba. Kidole kikatoka na utelezi mweusi, kama samli iliyomwagikia vumbi.

"Hizi zinapakwa nta," alimwambia Baba Nouf kwa Kiarabu chake cha kazini. "Zikipata joto nta inayeyuka, inashika vumbi, halafu inaganda huko ndani. Bastola haina shida." Kisha akamgeukia Harun kwa Kiswahili. "Buda, hizi risasi mnawekanga wapi?"

Harun akajibu kwa Kiarabu ili tajiri asikie. "Kwenye buti la gari. Madam ndiye alisema."

Gari lile hushinda juani. Mwezi wa nane ukilifungua buti unarudi nyuma mwenyewe.

"Mwongo," Baba Nouf akasema. "Mke wangu anajua nini kuhusu risasi? Umeziharibu wewe, sasa unajificha nyuma ya mwanamke. Jitayarishe kwenda kwenu."

Athanas akainamia vyombo vyake. Mimi nikafungua mdomo, Baba Nouf akanizima kwa mkono: yalla, twendeni. Njia nzima nilimwangalia Harun kisogo akiendesha, nikatamani kulia kwa hasira.

Nyumbani Mama Nouf aliapa. "Mimi? Wallahi sikusema."

Nikaona basi, liwalo na liwe. Nikaweka chini sinia la chai. "Ulisema, Mama. Ulisimama hapo hapo mlangoni, ukasema hutaki baruti ndani ya nyumba yenye watoto, zikae garini. Harun akakwambia garini kuna moto. Ukamwambia afanye anavyoambiwa."

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Mtu anafukuzwa kazi kwa amri aliyopewa, halafu aliyeitoa anakunywa chai?

Baba Nouf akamtazama binti yake. Nouf alikuwepo siku amri ilipotolewa. Sasa akasema kwa sauti ndogo, "Ulisema, mama."

"Khalas," Baba Nouf akasema, akichukua simu yake. "Yameisha. Harun, utabaki. Kawashe gari."

Harun hakusogea. "Hayajaisha, Baba. Umeniita mwongo mbele ya Athanas. Ukaseme kule kule."

Nilishika ukingo wa meza. Nilijua sasa tiketi itakatwa kweli, na pengine mbili. Baba Nouf alimkazia macho, halafu akaondoka sebuleni.

Kesho yake alitupakia wote kwenda klabu. Akasimama mbele ya meza ya fundi, akaangalia viatu vyake, akasema harakaharaka kwamba dereva hakusema uongo. Athanas akaitikia kwa kichwa.

Harun akasogeza sikio. "Sijasikia vizuri, Baba," alisema.

Baba Nouf akarudia.