Desemba Kavu Ndani ya Kompyuta

Kazi yangu hapa Mpanda ni kuilisha kompyuta mvua. Kuna programu inayootesha nyasi na miti ya Katavi ndani ya kompyuta, ili tujue bonde letu litakuwaje hali ya hewa ikibadilika. Inadeka kuliko kitinda mimba: mvua, joto na jua lazima viingie kwenye faili kwa mpangilio inaoutaka, kuanzia Januari, la sivyo inasusa. Mimi nami sina subira. Tumegombana sana.

Mwaka huo nilikuwa na haraka yangu binafsi. Baba alihamia Usevya, bondeni humu, na ng'ombe wake kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, akikimbia ukame. Sasa kaka yangu alikuwa anamshawishi wahame tena, waende kusini. Baba hakutaka. Alinipigia simu, akaniita mama, kama anavyofanya akiwa na jambo zito.

"Mama, hiyo mashine yako inasemaje? Nyasi zitakuwepo huku, au nifunge mizigo?"

Nikageuza karatasi zote za vipimo vya mvua ya huku kuwa faili, nikaunganisha na za joto, nikaiendesha programu. Nyasi zikafa. Si kupungua, kufa, na miti ikasimama mikavu mpaka Krismasi. Nikarudia, zikafa tena. Niliogopa kweli. Nilishika simu nimpigie baba, nikaiweka chini, nikaishika tena. Mzee yule angeanzaje upya mara ya pili?

Nikiwa nimeukodolea macho mchoro wa ile Desemba kavu, maji yakanimwagikia mgongoni. Nje mvua ilikuwa inapiga kwelikweli, na dirisha nililisahau wazi. Niliinuka kulifunga huku nikiitukana, kisha nikaganda palepale nikilowa. Ilikuwa Desemba. Desemba gani ya Mpanda haina mvua?

Nikazirudia karatasi mbio. Waliopima mvua walihesabu mwaka wa kilimo, kama tunavyouhesabu sote huku: safu ya kwanza ilikuwa Novemba, mvua zinapoanza. Mimi nikaibandika jina la Januari. Mvua yetu ilikuwa imesogea mpaka kwenye baridi ya Juni, na jua la mwisho wa mwaka likachoma nyasi zisizopata hata tone.

Nilirudisha kila mwezi mahali pake. Nyasi zikaota, na nilipoongeza joto kidogo zikaendelea kuota. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Nilimpigia baba papo hapo.

"Baba, ya Mungu mashine haiyajui. Ila kwa mvua tulizozoea, hata joto likipanda kidogo, nyasi zipo."

Aliiweka simu chini. Kisha nikamsikia akimpazia sauti kaka na wenzake: "Nyie! Fungeni ng'ombe nira. Hatuendi popote, tunalima."

Simu aliisahau haijakatwa. Nikasikia mnyororo wa plau ukiburutwa uani kwetu, nikalia kwa furaha.