Futi Mbili za Dolores

Verlyn Haugstad aliendesha basi la shule tangu ujana hadi kustaafu, na kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja: kutazama vioo. Alizoea kujua nani nyuma yake anataka kumrushia nini. Alipokosa watoto wa kuwachunga, akaanza kuwachunga majirani.

Mwaka huo, kabla ya ziwa kuganda, shida yake ilikuwa boti. Ilikuwa ya marehemu baba yake, ya alumini, imebonyea puani, na kwenye benchi lake mzee alikuwa amechonga kwa kisu urefu wa kila samaki aliyemtia fahari. Kila majira ya baridi boti hiyo ililala ghalani kwa binamu yake shambani. Sasa binamu kauza shamba. Boti lazima ije nyumbani, na mji wao mdogo wa kaskazini mwa Minnesota haukuruhusu boti kukaa mbele ya nyumba theluji ikishaanguka. Nyuma hakukuwa na njia. Ulibaki uchochoro wa kando, kati ya ukuta wake na mpaka wa jirani.

Akaupima. Akatandaza kamba juu ya nyasi kwa umbo la boti na trela yake, kisha akatembea kinyumenyume akijifanya gari. Kila mahali alipita, isipokuwa penye mita ya gesi. Mita hiyo ilichomoza ukutani kama kitambi, na gurudumu la trela lingeigonga. Zilipungua futi mbili, na futi mbili hizo zilikuwa za Dolores Quintanilla.

Dolores alikuwa nesi, kahamia hapo kutoka Texas theluji ilipoyeyuka. Alikuwa mkarimu mno, na ukarimu huo ndio uliomtia Verlyn wasiwasi. Mara alete sahani ya tamale, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwenye maganda. Mara akate nyasi hadi upande wa Verlyn, bila kuombwa.

"Mkono mtupu haulambwi," Verlyn alimwambia mkewe, Arlys. "Huyu anataka kitu."

"Anataka jirani, mzee wewe. Kula."

Akala. Zilikuwa tamu sana, na utamu wenyewe ukamzidishia shaka.

Siku ya kamba, Dolores alimkuta kapiga magoti uchochoroni.

"Jirani, unamchimbia nani kaburi?"

"Napima tu. Nataka kuweka boti."

"Inaenea?"

"Ah, si vibaya sana."

Kwa watu wa huko, mtu akisema si vibaya sana ujue maji yamemfika shingoni. Dolores akaitazama mita, akazitazama kamba, akaelewa.

"Sasa si uchukue futi mbili za kwangu? Mimi hapo sipandi kitu."

"Aa, hapana, hapana. Tusikusumbue."

"Usumbufu gani? Nyasi tu hizo. Chukua, bwana."

"Hapana, kwa kweli tutajibana."

"Haya basi," akasema Dolores, akaenda zake.

Verlyn alibaki magotini, mdomo wazi. Haya basi? Katika mji ule, hata kikombe cha kahawa hukipokei mpaka ukikatae mara mbili. Ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, na ukikaribishwa mara ya tatu ndipo unasema, sawa, kama haikupi tabu. Mtoto mdogo anajua hilo. Zile futi mbili alizitaka mpaka kifua kinamuuma, na "ndiyo" yake ilikuwa ulimini, ikingoja kuulizwa tena.

"Kaishia mbili makusudi," alimwambia Arlys. "Ili aje aseme alinipa, nikakataa."

"Si kweli ulikataa? Mtu wa Texas yule, Verlyn. Kamwambie unazitaka. Kuuliza si ujinga."

"Nigonge mlango wa mtu nimwombe ardhi?"

"Ndiyo."

"Bora nilale kwenye hiyo boti, ziwani, mpaka barafu initoe roho."

Wiki iliyofuata wakaja wapima ardhi. Verlyn aliwachungulia kupitia pazia la jikoni wakipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, mstari mmoja, juu ya mpaka kabisa. Kisha lori likashusha mbao.

"Ua! Anajenga ua! Sikukwambia? Zile tamale zilikuwa za kunifumba macho."

Alitoka nje kwenda kuhakikisha. Dolores akampungia mkono kutoka barazani.

"Jirani, subiri uone! Utaupenda!"

Verlyn alisikia kejeli tupu. Aliingia ndani, na kwa kuwa Arlys alikuwa kanisani akisaidia kupika lefse, zile chapati za viazi, hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Akampigia simu mwenye duka la chambo, ambaye miaka yote alikuwa akiitamani ile boti. Hasira hasara, lakini nani humwambia mwenye hasira? Jioni ile ile boti ilitoka shambani ikiwa nyuma ya gari la mtu mwingine. Verlyn, aliyekwenda kuikabidhi, aligusa benchi lenye alama za kisu, akageuka asiione ikiondoka. Iliuma, naye aliona afadhali maumivu hayo ajitie mwenyewe kuliko kutiwa na Dolores.

Jumatatu mafundi walisimamisha nguzo. Verlyn alikwenda na tepu yake, ahakikishe hakuibiwa hata inchi. Vigingi vyekundu vilikuwa pale pale mpakani. Nguzo hazikuwa pale. Zilisimama ndani, upande wa Dolores. Akapima. Akafikiri ni mtego, akapima tena.

"Inatosha?" Dolores alikuwa nyuma yake. "Nilimwambia fundi asogee ndani futi mbili."

"Lakini mimi nilikataa."

"Ulikataa mara mbili tu!" Akacheka. "Hospitalini wamenifundisha mila zenu. Nikasema, mimi na zamu zangu za usiku, saa ngapi nitakuja kukubembeleza mara ya tatu? Nikasogeza ua, yakaisha. Ilete basi, theluji iko njiani. Nitakusaidia kusukuma."

"Nimeiuza."

"Umeuza nini?"

"Boti. Niliona vigingi, nikajua unanizibia."

Kicheko kilimkauka Dolores. Alimtazama, akiwaza pengine juu ya kila sahani aliyoipeleka nyumba ile na jinsi ilivyopokewa.

"Mimi, Verlyn? Mimi nikuzibie?"

Dolores akarudi kwake, akafunga mlango polepole. Verlyn alisimama kando ya mita ya gesi, nafasi tele pande zote, akalia bila kujali nani anachungulia.