Koti la Mazishi Lililokwenda Angani

Aibu niliyoipata ukumbini mtaani kwetu, mtaa uitwao Tena, miaka ya tisini, naisimulia leo kwa sababu mwenye koti hayupo tena wa kunisikia, na nawaomba msinicheke kabla sijafika mwisho.

Kikundi chetu cha vijana wa kanisa kiligeuza kitabu cha safari za angani kuwa mchezo wa jukwaani: mtoto mwenye akili kupita kiasi anachukuliwa na wakubwa wa chombo, anakulia mbali na dunia, anarudi akiwa kamanda na hawatambui waliomzaa. Mtoto huyo ndiye mimi (na kweli nilijiona nina akili hizo). Katika sehemu ya utotoni nilivaa kaptura, lakini ukamanda ulitaka vazi, basi nikachukua koti jeusi la Baba, lile la mazishi tu, nikalipaka rangi ya silva ya kupaka vyuma vya madirisha, nikijiambia kwetu hakuna mgonjwa na rangi itatoka kwa mafuta ya taa.

Jumamosi ya mchezo, adhuhuri, habari ikafika kutoka Busia kwamba shangazi, dada wa pekee wa Baba, amefariki, na Baba ndiye wa kusimama kuongea kaburini. Akatafuta koti nyumba nzima, akaambiwa niliko, akaja na ovaroli yake ya kiwandani, akapita katikati ya viti nikiwa ndio kwanza nashuka chomboni.

"Wekesa," akasema polepole, "hilo koti ni langu. Lete, basi ya Busia inaondoka saa kumi."

Ukumbi ukaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya mchezo. "Huyo mzee anaact kushinda staring," mmoja akasema huko nyuma, yaani kunishinda mimi mhusika mkuu. Nami, kwa kuogopa kuharibu, nikatoa maneno ya kamanda nilivyoyakariri: "Mzee, mimi sikujui. Mwondoeni."

Makofi kama yale sijayapata tena. Baba alinitazama, akaitazama ile rangi, akatoka mwenyewe.

Nilikimbia nikamkuta kwenye basi, nikihema, nikampa koti bado linanuka. Akaligeuza, akalivaa bitana ikiwa nje.

"Shangazi yako aliniuliza katika kila barua umekua kiasi gani," akaniambia.

Sikuigiza tena. Na miaka mingi baadaye Baba alipolazwa, muuguzi akauliza mimi ni nani wake, nilijibu kwa sauti hadi wodi nzima ikageuka: mimi ni mwanawe.