Mfupa Usioshika Ulimi

Watu walimwita Mama Ulimi, na jina hilo hakulipata kwa umbea, ingawa hata huko asingekosa nafasi. Alilipata kwa kulamba mawe. Kazi yake ilikuwa kusafisha mifupa ya wanyama wa kale katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho. Alishinda ameinamia meza, sindano mkono huu, brashi mkono ule, akiondoa udongo punje kwa punje. Akitaka kujua kama kitu ni jiwe tu au ni mfupa uliogeuka jiwe, alikigusisha ulimi. Jiwe huteleza. Mfupa wa kale una vitundu vidogo visivyoonekana, hunyonya mate ukang'ang'ania. Wasafishaji wengi wanaijua njia hiyo. Yeye alikuwa ameifanya dini.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipokigusa kidole cha farasi na ulimi ukateleza, machale yalimcheza.

Huyo hakuwa farasi wa leo. Alikuwa wa zamani sana, mdogo, mwenye vidole vitatu kila mguu: kikubwa cha katikati na viwili vyembamba vya pembeni. Watafiti walikuwa wakikisubiri kwa hamu hicho cha pembeni, maana alama za kano juu yake zingeonyesha kama kilikanyaga ardhi au kilining'inia tu bila kazi. Kikiwa kilikanyaga, basi huenda nyika hii kavu ilikuwa na matope enzi hizo. Habari zote hizo zilikaa katika kipande kinachopotea ndani ya kiganja, na mtu wa mwisho kukishika alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, mdogo wa mumewe, aliletwa kazini na Mama Ulimi mwenyewe, akafundishwa naye kushika sindano, na nyumbani walilala chini ya paa moja. Ndiyo maana iliuma. Siku za karibuni wifi alikuwa akipokea simu na kutoka nayo nje mpaka kwenye mapipa ya taka, akinong'ona. Akiulizwa ni nani, alijibu, "Mtu tu." Mama Ulimi alijua kuna matajiri wanaopamba sebule zao kwa mifupa ya kale. Alijua pia kwamba mfupa bandia wa plasta ukipakwa rangi vizuri humdanganya kila mtu, isipokuwa ulimi.

Jioni alimchokonoa mumewe, aliyekuwa akipiga pasi.

"Dada yako anaongea na nani kwenye simu?"

"Si umuulize mwenyewe? Mnatoka pamoja, mnarudi pamoja."

"Nimemuuliza. Ananificha."

"Na wewe utamkwangua mpaka umfikie ndani," mume alisema, akigeuza kola. "Mwache dada yangu apumue, mke wangu."

Hakumwacha. Mezani alipopokezwa bakuli, pua yake ilinasa harufu kali mikononi mwa wifi, kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kucha zenyewe hazikuwa na rangi. Basi anapaka plasta rangi mahali, aliwaza.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chumba.

"Kidole cha farasi si chenyewe. Kimebadilishwa."

"Una hakika?"

"Nimekionja."

Mkuu hakucheka, kwa sababu ulimi ule haukuwahi kumwangusha. Alimwita wifi. "Kama hii ni plasta," alimwambia taratibu, "leo unaondoka, na polisi watataka kukuona. Kama una la kusema, sema."

Wifi alikitazama kidole, kisha akamtazama Mama Ulimi kama mtu aliyepigwa kibao na asiyejua kwa nini.

"Ni chenyewe. Nimekipaka gundi. Kila nikikigusa kilikuwa kinamomonyoka, ndani ni unga mtupu. Nilimpigia fundi wa makumbusho mengine, akanielekeza niyeyushe gundi kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikipake."

"Mbona hukusema?" mkuu aliuliza.

"Ningesemaje? Ukimtajia wifi gundi humu ndani, ni kama umemtukania mama yake."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Ulimi aliichukia gundi kwa sababu iliziba vile vitundu na kuunyima ulimi wake kazi. Lakini alikuwa amekesha na shaka, na sasa aliyaona maelezo haya yamenyooka mno. Akachovya pamba kwenye asetoni.

"Usifute, wifi. Nakuomba. Gundi ndiyo inayokishikilia."

Kumbe anaogopa, Mama Ulimi aliwaza. Asiye na hatia angeogopa nini? Akafuta upande mmoja, akageuza, akafuta na wa pili, akarudia mpaka mng'ao ukatoka wote. Akakipepea kikauke, akakitia mdomoni.

Kilishika.

Kiling'ang'ania ulimi vilivyo, na pale pale akajua wifi hakuiba kitu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alikivuta kwa vidole viwili, taratibu, na vidole vikarudi na ganda dogo lisilo na alama yoyote. Kingine chote kilibaki kwenye ulimi, unga wenye ladha ya udongo, na zile kano na yale matope humo humo.

Hata kuomba radhi hakuweza, maana mdomo ulikuwa umejaa. Mkuu aligeukia dirishani.

Wifi alikuwa akilia, lakini mikono yake ilikuwa kazini. Alichukua kisahani cha kioo wanachowekea vipande vilivyovunjika, akakisogeza chini ya kidevu cha Mama Ulimi, kwa uangalifu aliofundishwa naye.

"Usimeze, mama," alisema, yeye ambaye siku zote alimwita wifi. "Tema hapa."